Pointi za Kwenda Mandera

KITUO CHA POLISI, JERICHO
MAELEZO YA SHAHIDI

Shauri: Uharibifu wa mali na kuzua fujo, ofisi ya kampuni ya kadi ya Mbawa, Buruburu
Jina: Sally Mukami Githinji
Umri: Miaka 43
Kazi: Fundi wa sare za shule, Soko la Jericho
Makazi: Mtaa wa Jericho, Nairobi
Tarehe: Ijumaa, 25 Aprili 2025
Afisa anayeandika: Sajini Owuor

Mimi ndimi mwenye majina hayo hapo juu. Nashona sare za shule katika Soko la Jericho, kibanda alichoniachia mama yangu pamoja na cherehani yake. Nimeitwa nieleze kilichotokea leo mchana katika ofisi ya Mbawa, na kwa nini Sahro Siyad yuko ndani ya seli yenu. Sajini ameniambia nianze na mlango wa kioo. Nimekataa. Ukianza na mlango utadhani sisi ni wehu tuliofunga vibanda ili twende kuvunja vioo vya watu. Nitaanza na kadi, na Sajini anivumilie, kwa sababu mimi nimeivumilia hiyo kadi karibu miaka miwili.

Sahro anauza vitambaa na mapazia katika kibanda kinachopakana na changu. Kati yetu kuna ubao mmoja tu, na ubao wenyewe una tundu tunalopitishiana chai. Anaishi Eastleigh na binti yake Hibo. Mama yake mzazi yuko Mandera, ni mzee, na mwaka jana alipooza upande mmoja. Mara ya mwisho Sahro kumwona mama yake, Hibo alikuwa darasa la kwanza. Sasa Hibo anasomea uuguzi. Barabara ya kwenda huko, inayoshambuliwa mabasi na magaidi, sitaieleza, Sajini anaijua, na Sahro alishaapa hatapanda basi la huko tena. Ndege ipo, lakini kila akiweka nauli kando, karo ya Hibo inaimeza.

Mnamo mwezi wa Juni 2023 msichana mmoja aliyevaa fulana ya Mbawa aliingia sokoni akiwa na makaratasi ya rangi. Alisimama kwangu akasema, "Mathe, mbona unalipa keshi kila siku? Lipa na hii kadi. Kila ukinunua unapata pointi, pointi zikifika unapanda ndege bure." Wanawake wote walicheka. Sokoni ukisikia kitu ni cha bure unashika mkoba wako vizuri. Sahro peke yake hakucheka. Alimuuliza yule msichana, "Inafika Mandera?" Msichana akaangalia kwenye simu yake, akasema, "Mandera iko, mathe."

Nataka iandikwe kwamba hatukurukia. Tuliketi tukachagua, sisi wanawake wa upande wa nguo, na Mama Waringa ambaye ni mwenyekiti wa soko. Tulikuwa na kadi tatu mbele yetu. Moja ilikuwa ya benki na pointi zake zilikuwa za petroli, na katika sisi sote hakuna mwenye hata bodaboda. Ya pili ilikupunguzia bei katika supamaketi zilizo upande wa pili wa mji, ambako nauli ya kwenda ingekula hicho kilichopunguzwa. Ya tatu ilikuwa Mbawa. Pointi zake zilikuwa za ndege, na mwaka wa kwanza haukuwa na ada. Mama Waringa ndiye aliyeuliza la maana: "Ukichelewa kulipa, wanafanya nini?" Msichana akajibu haraka haraka kwamba kuna riba kidogo tu.

Hapo Sahro aliinua mkono. Alisema, "Riba mimi siigusi. Dini yangu haitaki, na hata kama ingetaka, mimi sitaki." Tukadhani mambo yameisha. Halafu akasema, "Tutawalipa kabla hawajapata nafasi ya kuihesabu." Hivyo ndivyo tulivyokubaliana. Na kwa miaka hii yote, Sajini, hakuna hata mmoja wetu aliyechelewa. Wao ndio waliochelewa. Nitafika hapo.

Sahro ndiye aliyeomba kadi kwanza, kwa sababu safari ni yake. Waliitisha kitambulisho, akatoa. Wakaitisha kitambulisho cha baba yake, ambaye alikufa zamani. Wakaitisha barua ya chifu wa Mandera. Barua ilipofika kwa taabu yake, wakasema imepitwa na wakati, wakamnyima kadi. Mimi niliomba kwa kitambulisho na taarifa ya simu tu, na kadi ilikuwa mkononi mwangu kabla sijamaliza kushona oda niliyokuwa nayo. Kibanda cha Sahro ni kikubwa kuliko changu mara mbili. Nilimuonea haya kuishika hiyo kadi mbele yake. Yeye akaichukua, akaigeuza, akasema, "Ina jina zuri. Sasa ni ya soko."

Sasa nieleze tulivyokuwa tukiitumia, kwa sababu leo yule meneja ameiita ulaghai na nimeudhika sana. Sokoni tuna merigoraundi ya pesa kama soko lolote, wote tunachanga na mmoja anapokea kwa zamu. Tulianzisha merigoraundi ya pointi. Mtu akitaka mzigo kutoka Eastleigh, tunaenda pamoja kwa muuzaji wa jumla, kadi yangu inapita kwenye mashine, naye ananitumia pesa yake kwa simu siku hiyo hiyo. Mimi nawalipa Mbawa. Pointi zinakusanyika mahali pamoja badala ya kila mtu kuwa na chache zisizoweza kumpeleka hata Thika. Zamu ya kwanza tulimpa Sahro kwa sababu ya mama yake. Ya pili ni ya Mama Waringa, ana mtoto Kisumu. Hakuna aliyeibiwa. Hakuna aliyedanganywa. Hayo ndiyo maisha yetu, na kama kadi zao hazijui maisha ya watu, wasizilete sokoni.

Shida zilianza mapema. Mara ya kwanza kadi kukataa ilikuwa dukani kwa Shamis, muuzaji wa jumla wa vitambaa, foleni ikiwa nyuma yetu na vitambaa vya Sahro vimeshakatwa. Shamis aliipitisha tena, ikakataa. Nikapiga simu yao. Kuna wimbo unaopigwa pale, na katikati ya wimbo mwanamke anasema simu yako ni muhimu kwetu. Kama ni muhimu, ishikeni. Salio langu liliisha nikisikiliza wimbo. Sahro alilipa kwa pesa ya karo. Kesho yake waliniandikia ujumbe kwamba walikuwa wameifunga kadi kwa usalama wangu. Nani aliwaambia siko salama?

Baada ya hapo ikawa kawaida. Leo inapita, kesho inakataa. Ukienda ofisini Buruburu wanakuambia upige simu, ukipiga simu wanakuambia uende ofisini. Nilishajua jina la mlinzi wao, Luseno, na yeye alishajua la kwangu. Akiniona ngazini anasema tu, "Mama Sare, leo tena?" Ni mtu mzuri, na pale ndiye peke yake aliyewahi kuniomba msamaha.

Mwezi wa Novemba mwaka jana ndio nilikasirika kweli. Nililipa deni lote mapema kama kawaida yetu. Pesa ilitoka kwenye simu yangu, ujumbe ninao. Wao wakasema hawajaiona. Walipoiona, siku ya mwisho ilikuwa imepita, na taarifa ya mwezi ikaja na riba. Ilikuwa kidogo, isingenunua hata mita moja ya kitambaa. Nilitaka niilipe tu yaishe, lakini Sahro aliisoma pale kwenye tundu letu la chai, na uso wake ukabadilika. Aliuliza, "Hii riba ni ya mzigo wangu?" Nikamwambia ni ya uzembe wao. Akasema, "Nitaendaje kwa mama yangu na hiyo ndani ya tiketi?" Hakunywa chai siku hiyo. Tulikwenda Buruburu mara nyingi mpaka wakaiondoa. Mwezi uliofuata ikarudi. Tukaenda tena, wakaiondoa tena. Mimi si Mwislamu lakini nilifika mahali pa kuichukia hiyo riba kuliko yeye.

Halafu Januari walituma ujumbe wenye picha ya ndege na maua. Walisema wameboresha mpango wa pointi. Maana yake ni kwamba tiketi ya Mandera sasa ilitaka pointi nyingi zaidi kuliko tulivyoambiwa tulipoichagua kadi. Kwao huko ndiko kunakoitwa kuboresha. Wanawake walitaka tuache. Mama Waringa ndiye aliyesema tumeshalima mpaka hapa, tumalizie. Basi soko zima likaanza kununua kwa kadi hata vitu ambavyo hatukuwa tukivinunua kwa kadi: vifungo, zipu, mafuta ya cherehani.

Mnamo tarehe 16 mwezi huu pointi zilitimia. Sahro aliponisikia nikimwita kupitia tundu, alidhani kuna moto. Tulipiga vigelegele, majirani wakaja kuuliza nani ameolewa.

Mnamo Jumatano tarehe 23, kaka yake Sahro anayeitwa Muse alipiga simu kutoka Mandera. Nilikuwa karibu kwa hiyo nilisikia, ingawa Kisomali sikijui vizuri. Sahro alinieleza baadaye. Mama ameacha kula. Kila asubuhi anamwulizia Sahro, na binti wa jirani akiingia na maji anamwita kwa jina la Sahro. Muse alisema asichelewe. Sahro alikunja kitambaa alichokuwa amekishika, akakikunjua, akakikunja tena.

Siku hiyo hiyo niliomba tiketi ya Sahro kwa simu. Wakajibu kwamba ombi limepokelewa. Jana jioni likaja jibu lenyewe: tiketi iko tayari, abiria ni Sally Mukami Githinji.

Sajini, mimi Mandera sina mtu.

Leo, Ijumaa, Sahro alipotoka msikitini tulikwenda Buruburu pamoja, tukafika mnamo saa nane na nusu. Nilikuwa nimeacha sare za watoto mezani, kola tu ndizo zimebaki, na shule zinafunguliwa Jumatatu. Luseno alitufungulia mlango. Tulichukua namba tukaketi. Tulipofikiwa, msichana wa kaunta alishindwa kutusaidia, akamwita meneja, Bwana Munene. Huyo ndiye mlalamishi wenu.

Nilimweleza kwa adabu. Nilimwambia tunachotaka ni jina moja tu libadilishwe. Akasema, "Madam, pointi ni za mwenye kadi. Unaweza kumpa jamaa wa karibu peke yake. Mume, mtoto, mzazi, ndugu wa damu." Nikasema, "Huyu ni dada yangu."

Bwana Munene alitazama rozari yangu, akatazama mtandio wa Sahro, akatabasamu. Akasema, "Dada wa wapi, madam? Tusichezeane." Kuna watu waliocheka kwenye viti nyuma yetu.

Nilijaribu kumweleza. Nilimwambia mume wangu alipofariki, ndugu zangu wa damu walikuja siku ya mazishi wakala wakaondoka. Huyu ndiye aliyefunga kibanda chake msimu wa Idi, wakati ambapo kila mtu anatafuta mapazia, akahamia kwangu. Alipika. Aliwaogesha wanangu. Wageni wakija kulia mlangoni aliwaambia, "Nyamazeni, amepata usingizi." Bwana Munene akasema kampuni haina mahali pa kuandika hayo. Nikamwambia mama yake anakufa. Akasema pole sana, na akaangalia saa. Hapo ndipo aliposema pia kwamba, kwa maelezo yangu mwenyewe, kadi imetumiwa na watu wengi, na huo ni ulaghai, na akitaka anaweza kuzifuta pointi zote. Alisema anatusaidia kwa kutofuatilia.

Kisha akafungua kabati, akatoa thamosi ya chuma yenye picha ya mbawa, akaiweka mbele yangu kwenye kaunta. Akasema, "Kama hutaki tiketi, kwa pointi zako unaweza kuchukua bidhaa. Hizi zinapendwa sana. Hii chukua kama zawadi kutoka kwetu." Akageuka akaelekea chumbani kwake.

Ndiyo thamosi hiyo iliyo mezani kwako.

Niliishika. Tulianza kutoka. Tulipofika karibu na mlango, Sahro alinishika kiwiko akasema, "Basi, Mukami. Yaishe. Mungu hakupanga." Alisema polepole, kama mtu anayemtuliza mtoto. Nimemjua Sahro miaka mingi. Nimemsikia akigombana na askari wa kaunti, akigombana na madalali, akigombana na mvua. Sijawahi kumsikia akisema yaishe.

Thamosi ilipiga mlango wa kioo, na kioo kikamwagika chote chini.

Hakuna aliyeumia. Luseno alikuwa nje kidogo, ngazini. Sahro aliinama akaiokota thamosi katikati ya vioo, nadhani kwa sababu yeye hawezi kuona kitu kimeanguka asikiokote. Bwana Munene akatoka mbio. Akauliza kwa sauti ya juu nani amefanya hivyo. Sahro, thamosi ikiwa mkononi, akasema, "Ni mimi." Kamera yao haikuwa inafanya kazi. Sikushangaa. Polisi walikuja, wakamchukua, nami nikawafuata kwa bodaboda mpaka hapa.

Sajini ananiuliza ni nani aliyeirusha hiyo thamosi. Nimemwambia aandike kama nilivyosema: thamosi ilipiga mlango. Sajini ameweka kalamu chini akanitazama. Nimeomba maji ya kunywa. Nimepewa.

Nimeulizwa kama nina la kuongeza. La kuongeza ninalo. Leo ni Ijumaa. Mtu wa Eastlands, mitaa yetu hii, akishikwa Ijumaa anajua atamwona hakimu Jumatatu. Jumatatu kwa yule mama wa Mandera ni mbali sana. Hata kama hakuna tiketi, Sahro angeweza kukaa nyumbani karibu na simu, Muse amwekee mama sikioni amsikie bintiye. Simu yake mmeichukua. Naomba arudishiwe hata hiyo.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni simu yangu imelia. Sajini ameniruhusu niipokee. Alikuwa Mama Waringa, kutoka sokoni. Naeleza alichosema kwa sababu kinabadilisha maelezo yangu.

Sahro hakuwahi kutaka mchango. Tulishamwambia mara nyingi tumchangie nauli akakataa. Alisema mchango ni wa msiba na hospitali, na yeye hajafika huko, na wanawake wa Jericho wana mizigo yao. Yeye kuchanga anachanga. Hakuna jeneza lililotoka kwenye lile soko bila mkono wake. Lakini kupokea hataki. Ndiyo maana tulihangaika na hizi pointi, kwa sababu pointi zilikuwa haziitwi msaada. Leo hakuwepo wa kutukataza. Mama Waringa, niliyempigia simu Sahro alipochukuliwa, alipanda juu ya stuli katikati ya soko akasema Sahro amefungwa na mama yake anakufa, na hakusema zaidi. Watu walianza kutuma. Upande wa mboga walituma. Muuza uji alituma. Shamis wa Eastleigh alisikia, naye akatuma, akisema hata ile siku kadi ilipokataa aliona aibu kwa ajili yetu. Mama Waringa aliniambia, "Mukami, tumenunua. Ndege ni kesho saa mbili asubuhi, uwanja wa Wilson. Imeandikwa Sahro Siyad. Mwambie alale mapema." Tiketi ameituma kwenye simu yangu.

Ilichukua muda mfupi kuliko ule wimbo wao.

Sajini, rudi pale kwenye kioo. Usifute, andika hapa chini.

Aliyeirusha thamosi ni mimi. Niliirusha kwa mkono wa kulia na kwa nguvu zangu zote, na nilikuwa nalenga mlango. Sahro alikuwa amenipa mgongo akifungua mkoba atafute nauli ya kurudi. Hakujua mpaka aliposikia.

Sajini ameniambia ninyamaze kwanza. Ameniambia kwamba nikisema hivyo siwi shahidi tena, nakuwa mshukiwa, na kwamba nina haki ya kutoendelea. Nimemwelewa. Nimemwambia aandike.

Nilinyamaza mwanzo kwa sababu aliniambia ninyamaze. Alipokuwa akipandishwa kwenye gari lenu nilimfuata mpaka mlangoni mwa gari, nikamwambia mimi nasema ukweli. Alinishika mkono akanifinya. Alisema, "Safari yangu imekufa tayari, mimi sina pa kwenda. Wewe una watoto wasio na baba, na watoto wa watu wanangoja sare Jumatatu. Funga mdomo, Mukami." Nikafunga. Ilinikaa kifuani wakati wote niliokuwa nikizungumza nawe hapa, na kila ulipoandika jina lake nilijichukia. Lakini nilijiambia ni yeye aliyetaka, na ni kweli safari ilikuwa imekufa.

Sasa haijafa. Kwa hiyo yale tuliyokubaliana mlangoni mwa gari hayana kazi.

Luseno aliniona. Alikuwa ngazini lakini uso wake ulikuwa huku, na macho yetu yalikutana kabla kioo hakijamaliza kuanguka. Mpigieni mumuulize, atasema kweli, lakini tafadhali msimuulize mbele ya bosi wake.

Sina hasira na polisi. Nina hasira na mtu anayekuletea kadi mpaka kibandani, akakuita mathe, akakuonyesha ndege, na ukishamlipa kwa wakati miaka miwili anakuuliza dada wa wapi. Mlango wao nitaulipa. Sitaulipa kwa kadi. Kadi yenyewe nimeikata kwa makasi yangu ya kazi hapa nje ya kituo, vipande viko kwenye mkoba, Sajini akivitaka avichukue.

Kuhusu sare, Mama Waringa anajua ninapoweka ufunguo, na fundi wa kibanda cha nyuma anaweza kushona kola. Wanangu watalala kwa Mama Waringa. Nimeshapanga. Mwenzangu mfungulieni, ana mzigo wa kufunga, na mama yake anapenda halua ya Eastleigh, na maduka yale hayakai wazi usiku kucha.

Nimesomewa maneno haya yote kwa Kiswahili. Ni yangu. Sikulazimishwa na mtu, wala sikuahidiwa chochote.

Sahihi: S. Mukami

MAELEZO YA AFISA: Nimeandika maelezo haya nikianza saa kumi na moja na nusu jioni. Shahidi alipoanza kujitaja mwenyewe nilimsimamisha na kumwonya kama alivyoeleza. Aliendelea kwa hiari yake. Mlinzi Luseno, kwa simu, amethibitisha kuwa aliyerusha ni shahidi. Nimemjulisha Inspekta wa zamu, ambaye mwenyewe atamhoji Bi. Mukami asubuhi. Kwa sasa Bi. Mukami amewekwa katika seli ya wanawake.

Bi. Sahro Siyad alisomewa maelezo haya. Alisema shahidi ni mwongo na kwamba yeye yuko tayari kuapa. Nilimwonyesha tiketi kwenye simu ya shahidi, akaisoma kwa muda mrefu. Ameachiliwa saa moja na dakika kumi usiku na kurudishiwa simu yake. Alipoambiwa yuko huru aliketi tena kwenye benchi akasema haendi popote bila mwenzake. Nilimsihi, konstebo wa kike naye akamsihi, hakuinuka. Hatimaye Bi. Mukami alimfokea kutoka dirisha la seli: "Sahro, mama anakungoja! Nenda!" Ndipo akainuka akaenda.

Sajini Owuor